Digri 32 ya Nani?

Ndugu wanafunzi, tumefundishwa juu ya mpako wa polima uitwao PNIPAM. Chini ya digri 32 unanywa maji na tone linatandaa. Juu ya hapo unajikunja, tone linabaki mviringo zaidi.

Wengi wetu tulikariri ile 32, basi. Lakini huku Mabanga joto la mchana kivulini ni kama 25 tu! Ukutani, kivulini, mpako huo ungelala mwaka mzima. Juu ya manjanja yaliyopigwa na jua, hapo ungeamka. Halafu mvua inaanza, manjanja yanapoa palepale, na maji yale ndiyo tunayojazia bidoni. Je, yatateremkaje? Walimu wetu, tunaomba kipima-joto kimoja tu, tupande paani tupime wenyewe.