Runinga ya bei nafuu: nani anamtazama nani?

PITA Luthuli Avenue jijini Nairobi Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujionee mambo. Bodaboda inapenya katikati ya matatu, na nyuma ya dereva ameketi baba wa watu amekumbatia sanduku pana kuliko mlango wa nyumba linakopelekwa. Upepo unataka kumpokonya, naye hakubali. Ndani mna runinga janja ya inchi 55. Kabla ya jua kutua ploti nzima itakuwa imejua, maana ambaye hatasikia mlio wake ataambiwa na watoto.

Furaha ya mzee huyu ni halali yake. Runinga ilipoanza nchini mwaka wa 1962 ilikuwa chombo cha wakubwa. Hata katika miaka ya 1990, KTN ilipokuja kuwa mshindani wa KBC, nyumba iliyobahatika ilikuwa na Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, inayokula betri ya gari. Mtoto mmoja alikuwa na kazi ya kudumu: kusimama nje akizungusha mti wa antena huku akiuliza dirishani, "Imeshika?" Leo, kwa chini ya Sh50,000, mtu wa kawaida ananunua kioo kikubwa chenye intaneti tumboni.

Lakini hebu tujiulize, msomaji: mbona kitu kikubwa hivi kikawa rahisi hivi?

Jibu la kwanza ni la kawaida. Viwanda vikubwa vya China na majirani zake vinatengeneza vioo kwa wingi, na wingi hushusha bei. Jibu la pili halitangazwi dukani. Zamani aliyekuuzia runinga alimalizana nawe pale kaunta. Wa leo huanza biashara nawe ukishafika nyumbani na kuunganisha waifai. Picha za filamu na matangazo unayoyaona ukiwasha tu, aghalabu ni nafasi zilizolipiwa. Kisha mna programu inayotambua kinachoonyeshwa kwenye kioo, iwe ni taarifa ya habari, mpira au hata diski ya harusi ya shangazi, na kupeleka habari hizo kwa wenye kuzihitaji.

Hizi si porojo za kijiweni. Mwaka wa 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya FTC, tume ya serikali inayolinda wanunuzi nchini humo, kuishtaki kwamba ilikusanya habari za utazamaji kutoka kwa runinga milioni 11 bila idhini ya wenyewe. Tume ilieleza kuwa habari hizo zilikusanywa sekunde baada ya sekunde, zikaunganishwa na umri, jinsia na kipato cha watazamaji, kisha zikauzwa. Na mwishoni mwa mwaka wa 2021, taarifa ya kampuni hiyo hiyo ya miezi mitatu ilionyesha kuwa faida ya matangazo na data ilikuwa zaidi ya maradufu ya faida ya kuuza runinga zenyewe!

Basi wewe uliyedhani umenunua ng'ombe, kumbe nawe unakamuliwa.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Inakupa haki ya kuelezwa habari zako zinachukuliwa kwa kazi gani, na za mtoto haziguswi bila idhini ya mzazi. Tatizo ni kwamba idhini tunaitoa sisi wenyewe, siku ile ya kwanza. Runinga inawekwa ukutani, watu wamejaa sebuleni, mechi inakaribia kuanza, na kila ukurasa unaouliza "Unakubali?" unabonyezwa "Ndiyo" na kijana mwenye rimoti bila kusomwa. Saini ya nyumba nzima imetiwa na mtoto wa darasa la saba.

Dawa si kuirudisha runinga dukani. Ingia kwenye mipangilio yake, utafute sehemu ya faragha, na uzime utambuzi wa kinachotazamwa pamoja na matangazo yanayokufuata. Katika runinga nyingi picha itabaki ile ile. Kama rimoti yako ina kipaza sauti na hakuna anayekitumia, kizime pia. Ni kazi ya dakika kumi.

Sasa tuje kwenye mfuko. Mwenye runinga janja ana tumbo jingine la kulisha, nalo ni bando. Netflix wenyewe wanasema picha safi hula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na ile safi zaidi ya 4K hula hadi 7. Filamu ya saa mbili yaweza kumeza gigabaiti 14, na anayetumia bando la simu ataona nyota mchana. Katika akaunti hiyo unaweza kushusha kiwango hadi kile cha wastani, ambacho hakizidi gigabaiti 0.7 kwa saa. Chembechembe zitaonekana kidogo usoni pa mwigizaji, lakini hadithi ni ile ile.

Stima nayo ina hesabu yake. Runinga ya inchi 55 inayotumia wati 120 ikiwaka saa tano kwa siku, inakula yuniti 18 kwa mwezi. Iache iwake mchana kutwa ikizungumza na viti, uone tokeni zinavyoyeyuka.

Anayejiandaa kununua naye asiangalie ukubwa tu. Amwombe muuzaji aiwashe, aiunganishe na intaneti, na kufungua papo hapo zile programu familia inazotaka. Baadhi ya runinga za bei ya chini hazina kibali cha programu hizo, na nyingine kumbukumbu yake ni ndogo hivi kwamba baada ya muda zinajikokota kama gari bovu mlimani. Aulize pia waranti inashughulikiwa wapi.

Hata hivyo, bando na stima hulipika. Gharama nzito ni ile isiyokuwa na risiti. Runinga ya zamani ilikuwa na mwisho: saa ya kufunga ilifika, wimbo wa taifa ukapigwa, watu wakalala. Hii ya leo haina mwisho. Kipande kimoja kikiisha kingine kinaanza chenyewe, na kilichochaguliwa si kile kinachomfaa mtoto bali kile kitakachomzuia asiondoke. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Ni nyumba ngapi ambako runinga ndiyo yaya, ndiyo mwalimu, na ndiyo ya mwisho kumwambia mtoto usiku mwema?

Kwa hivyo kila mtoto na afunguliwe akaunti ya watoto, akaunti ya wakubwa ifungwe kwa nambari ya siri, na ule mtindo wa vipande kujianzisha uzimwe. Wakati wa chakula kioo kiwe cheusi. Na wazazi wasijitoe kwenye sheria hizi, kwani mtoto hasikii amri ya baba ambaye macho yake yako ukutani.

Chombo hiki kina baraka zake. Shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona mwaka wa 2020, masomo ya KICD yaliwafikia wanafunzi kupitia runinga na YouTube, na leo mwanafunzi anaweza kulitazama jaribio la kemia kwenye kioo kikubwa na kulirudia mara tatu bila mwalimu kuchoka. Na Agosti 2025, Harambee Stars walipofika robo fainali ya CHAN, ni nani hakuona majirani wasiosalimiana wakibanana kwenye kochi moja, hata penalti za Madagascar zilipotuliza?

Kioo kile kile kilitukusanya siku ile, na kesho yake kikatutawanya, kila mmoja na ratiba yake. Chenyewe hakijui tofauti. Wenye nyumba ndio wa kuamua kiwashwe lini, kionyeshe nini na kizimwe saa ngapi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wa inchi 55 naye apewe jembe lake mapema, kabla hajatupa sisi la kwake.