Lumbesa ipo hata kwenye kibuyu cha babu

MKULIMA wa Lukozi anaijua vizuri hasara ya lumbesa: gunia la viazi linavishwa kilemba, bei inabaki ya gunia moja. Hasara ya namna hiyo ipo pia ndani ya nyumba yake, ila haizungumzwi.

Vitu vya wazee wa Kisambaa, kama vibuyu vya dawa vyenye vizibo vya kuchongwa, vinatafutwa na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Anayebisha hodi mlangoni hutaja bei ya sukari na sabuni. Thamani hupanda mbele ya safari, hasa kitu kikiwa na maelezo: kimetengenezwa wapi, kwa kazi gani, kimerithiwa na nani. Maelezo hayo anayo mwenye nyumba, naye huyatoa bure.

Tena si kila kitu ni cha kuuza. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali kabla ya vitu vya kale kupelekwa nje ya nchi. Nchini Kenya, Wamijikenda waliibiwa vigango, nguzo za kuwakumbuka wazee wao. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi kutoka Marekani mwaka 2007, baada ya miaka 22.

Basi cha kale kibaki, kiandikwe kwenye daftari la ukoo. Cha kuuza kichongwe au kifinyangwe kipya, kwa bei ya fundi mwenyewe. Watalii wanaopanda Lushoto wapo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kibuyu cha babu ni mali.