Ndege Hachorwi Chumbani

Katika shule zetu nyingi somo la kuchora huendeshwa kwa njia moja. Mwalimu hubandika ukutani picha ya ndege iliyopigwa chapa. Wanafunzi huinama juu ya madaftari, hunakili, kisha alama kubwa hupewa yule ambaye kazi yake imefanana zaidi na ile picha. Mwanafunzi huyo husifiwa kwamba amechora ndege. Mimi napinga sifa hiyo. Aliyenakili picha ya ndege hakuchora ndege, amechora karatasi. Na ikiwa shule yenyewe iko Kitui au Makueni, ambako ndege wa porini hulia nje ya dirisha wakati somo likiendelea, basi kosa hilo si dogo. Ni kumfundisha kijana kufumba macho, tena kumpa tuzo kwa kuyafumba vizuri.

Dai langu ni hili. Kila mwanafunzi wa sekondari katika nchi ya Ukambani apewe penseli na daftari, atolewe nje, achore ndege walio hai. Na asitolewe siku za hewa nzuri tu, bali siku za jua kali, za upepo, za baridi na za manyunyu. Najua kwamba wengi wataliona dai hili kuwa la mtu aliyekosa kazi. Nawaomba wasikilize sababu zangu kwanza, ndipo wacheke.

Sababu ya kwanza ni kwamba ndege si kitu kimoja mwaka mzima. Mtazame fumbwe dume wa nchi kavu. Wakati wa kiangazi ana rangi hafifu ya majani makavu, na mtu asiye na uangalifu humdhania shomoro. Mvua zikija, huvaa manyoya mapya, akaburuta mkia mweusi unaoushinda mwili wake kwa urefu. Anayemchora mwezi mmoja tu amechora nusu ya habari. Mtazame pia ndege yeyote saa saba ya mchana wakati wa joto: mdomo wazi, mabawa yameachana na mwili ili hewa ipite. Mtazame tena asubuhi ya mwezi wa Julai, mawingu yakiwa yamefunika vilima vya Mbooni: amefura manyoya hata shingo haionekani. Huyo ni ndege yule yule mwenye maumbo mawili, na tofauti yake imeletwa na hali ya hewa. Picha ya ukutani haina joto wala baridi. Kwa hiyo haiwezi kufundisha jambo hilo.

Sababu ya pili ni kwamba hali mbaya ya hewa ndiyo hasa inayotuletea ndege. Ngulia, katika Mbuga ya Taifa ya Tsavo Magharibi, si mbali na Mtito Andei, ni mahali panapojulikana na wataalamu wa ndege wa dunia nzima. Miezi ya Novemba na Desemba, usiku usio na mbalamwezi, ukungu ukishuka juu ya vilima, ndege wanaosafiri kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa za hoteli iliyopo pale. Tangu mwaka 1969 watu wamekuwa wakiwanasa kwa nyavu nyembamba, wakawavika pete miguuni na kuwaachilia, ili njia zao zijulikane. Usiku mweupe usio na ukungu huwa hawana la kufanya. Vivyo hivyo kozi wa Amur, ndege mdogo kuliko njiwa, huzaliwa mashariki ya mbali ya Asia, hupita Bara Hindi, huvuka bahari, akafika kwetu pamoja na mvua za vuli na kula kumbikumbi wanaoruka baada ya mvua hizo. Mwanafunzi anayejifungia ndani kwa sababu mawingu yametanda amejinyima mgeni aliyetoka mbali sana, anayepita juu ya kijiji chake.

Sababu ya tatu inahusu heshima yetu. Kuna ndege aitwaye zogoyogo wa Hinde. Hapatikani popote duniani ila Kenya. Makao yake ni vichaka vya mabondeni, kuanzia miinuko iliyo chini ya Mlima Kenya hadi nchi ya Ukambani. Hinde ni jina la afisa wa kikoloni, nalo liliandikwa katika vitabu vya elimu mwaka 1900. Je, wazee wetu hawakuwaona ndege hao kabla ya mwaka huo? Waliwaona, wakawasikia wakipiga kelele vichakani kila alfajiri. Tofauti ilikuwa moja: mgeni alikuwa na daftari. Leo daftari tunalo, na bado tunangoja mgeni aje atuandikie.

Tena ndege huyu anaikata hoja ya kunakili kuanzia kwenye mizizi. Manyoya yake yana mabaka meupe yasiyo na mpango. Huyu ana mengi kichwani, yule ana machache, na kila mmoja huwa na alama zake. Picha moja iliyopigwa chapa haiwezi kuwa picha ya wote. Kijana akikaa karibu na kundi moja kwa muhula mzima, akachora kila kichwa anachokiona, atawajua mmoja mmoja kama mchungaji anavyowajua mbuzi wake. Atajua ni wangapi walikuwapo Januari na wangapi wamebaki Aprili. Hiyo ni elimu ambayo hata chuo kikuu kitaipokea kwa shukrani, kwa maana ndege huyu yumo katika orodha ya wale walio hatarini, na vichaka vyake hufyekwa kila mwaka.

Na si yeye peke yake. Jina la Mtito Andei hufasiriwa kwa Kikamba kuwa ni msitu wa tumbusi. Waliolipa mji ule jina hilo walisema walichokiona. Lakini mwaka 2015 tumbusi kadhaa wa Afrika walitiwa katika daraja la mwisho la hatari, daraja linalotangulia kutoweka porini. Sababu mojawapo ni sumu: mfugaji hutia sumu katika mzoga ili amwue simba au fisi aliyemla ng'ombe wake, na kundi zima la tumbusi hufa kwa mlo mmoja. Siku zaja ambapo mtoto atauliza, "Tumbusi alikuwaje?" na mji wenye jina lake usiwe na wa kumjibu. Nauliza: ni daftari la mwanafunzi gani wa Kibwezi au Mutomo lenye tumbusi aliyechorwa akiwa hai?

Sasa nizijibu hoja za wapinzani. Wa kwanza husema kwamba hali ya hewa yetu ni kali, na kumtoa mtoto nje ni kumtesa. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama watoto wetu wangekaa ndani. Nani huteremka na punda hadi mto Tiva, akafukua mchanga na kungoja maji yajikusanye kidogo kidogo? Nani huchunga mbuzi chini ya Nzaui jua likiwa utosini? Tunapohitaji maji hatuulizi kama kuna upepo. Hewa huwa mbaya ghafla tu pale mtoto anapotaka kutazama kitu kwa ajili ya akili yake mwenyewe. Kijana wa Ukambani yuko nje tayari katika kila hali ya hewa; ninachoomba ni penseli mfukoni mwake.

Wa pili husema kwamba simu hupiga picha kwa nukta moja, basi mkono wa nini? Simu ni chombo chema, nami siichukii. Lakini simu huona kwa niaba yako. Ukipiga picha ya mti wenye viota unaweza kuondoka bila kujua lolote. Ukiuchora, utalazimika kuamua kila kiota kikae wapi, nawe utashangaa kuona kwamba mara nyingi vimelundikana upande mmoja. Hapo utauliza sababu, na upepo utakujibu. Mkono unaochora huyalazimisha macho kuuliza. Kidole kinachobofya hakiulizi kitu.

Wa tatu husema kwamba kazi hii haina mtihani wala mshahara. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika shule za Kenya kote mwaka 2019 kuanzia madarasa ya chini, umeifanya sanaa na michezo kuwa mojawapo ya njia tatu za sekondari ya juu. Basi asiseme mtu kwamba haina nafasi. Na kuhusu manufaa, Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935 na kufundisha Makerere, alichora kwa mkono wake wanyama wa Afrika Mashariki katika vitabu vilivyotoka kati ya mwaka 1971 na 1982, na wanasayansi huvitumia hata leo. Wala Mkamba haambiwi kwamba mkono wake hauwezi. Tangu Mutisya Munge wa Wamunyu alipoanzisha biashara ya vinyago baada ya Vita Kuu ya Kwanza, uchongaji wetu umefika nchi za mbali. Mkono tunao. Kilichopungua ni kutazama, kwa kuwa twiga wengi wa sokoni wamechongwa kwa kumfuata twiga wa jirani.

Sisemi vijana wawe wajinga. Radi ikinguruma, waondoke chini ya mti na waingie nyumbani. Mto ukishuka kwa kishindo, wasiukaribie. Kiota wasikiguse, wala kinda wasimshike. Ujasiri usio na busara si somo la shule yoyote. Lakini kati ya radi na uvivu pana nafasi kubwa sana, na manyunyu hayajamwua mtu. Penseli huandika hata karatasi ikiwa na unyevu. Wino ndio unaolia.

Wewe msomaji kijana, usingoje mwalimu abadilike wala wizara itoe waraka. Chukua daftari lililobakiwa na kurasa. Chagua mti mmoja ulio njiani mwako, mgunga au mbuyu, na usimame chini yake dakika kumi kila siku, mvua na jua. Andika tarehe, saa, upepo ulitoka wapi, mawingu yalikuwaje. Kisha chora ulichokiona, hata kama ni mkia tu. Mchoro wako wa kwanza utachekesha. Usiufute, maana mkia ulioonwa kweli una thamani kuliko ndege mzima wa kunakili. Mchumia juani hulia kivulini. Na anayetazama mvuani ndiye atakayekuwa na la kusema wengine watakapouliza ni ndege gani waliokuwa wakiishi hapa.