Gari la Mzee Litalala Wapi?

Ukiwa na gari la zamani Nairobi, hutafuti nyumba. Unatafuta paa la gari kwanza, kisha unauliza kama kuna chumba cha mtu karibu. Na hilo paa halipo. Kuna jimu yenye baiskeli mbili, kuna lifti, kuna bwawa la kuogelea ambalo hakuna anayeogelea, na kuna “nafasi moja ya gari kwa kila nyumba”, maana yake mstari mweupe uliochorwa juani kati ya nguzo na tangi la maji. Uliza kama kuna gereji uone wakala anavyocheka. “Buda, si uuze huo mchuma ununue Vitz?”

Swali hilo si la wakala peke yake. Utalisikia kwa keateka, kwa mashemeji, kwa kila mtu anayedhani kuwa kitu kikizeeka kazi yake ni kutupisha. Nataka kulijibu, maana nyuma yake kuna jambo kubwa kuliko gari: nani katika mji huu ana ruhusa ya kurithi kitu.

Tumezoeshwa kuamini kwamba magari ya zamani ni mchezo wa matajiri. Ukienda kwenye Concours d'Elegance, maonyesho ambayo yamefanyika Nairobi tangu 1970, utaamini kabisa: nyasi zimekatwa, bodi zinang'aa, majaji wanapitisha vidole chini ya milango wakitafuta vumbi. Lakini magari haya hayakuanzia hapo. Peugeot 504 iliundwa Mombasa na mikono ya Wakenya. Mwalimu mkuu aliinunua kwa mkopo wa miaka. Ile ndefu ya nyuma ilikuwa matatu ya safari za mbali, abiria wamebanana, mizigo juu. Pikapu yake ilibeba kabeji, saruji na maharusi. Ove Andersson aliposhinda Safari Rally kwa 504 mwaka wa 1975, watu waliosimama vumbini kando ya barabara walikuwa wanashangilia gari walilolijua. Lilikuwa la jirani.

Sasa huyo jirani amezeeka au ametuacha, na gari limebaki na watoto. Watoto wanaishi wapi? Kasarani, Ruaka, Umoja, Syokimau, orofa ya nne. Hapo ndipo njia zinapoachana. Aliyerithi gari na nusu ekari Karen anajenga banda la mabati, mambo yanaisha. Aliyerithi gari bila nusu ekari anapewa wiki mbili na mwenye nyumba: ondoa hicho kitu, kinaharibu sura ya kompaundi. Anauza. Kama ana bahati anamuuzia mkusanyaji kwa bei ya kutupa. Kama hana, linaenda kwa wauza vyuma, linapimwa kwa kilo. Miaka michache baadaye gari la mwalimu linaonekana kwenye nyasi zilizokatwa, limepakwa rangi mpya, na familia ya mwalimu inalipa tikiti kwenda kulitazama.

Na likishaenda, limeenda. Sheria ya nchi hii hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo limepitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Sina shida na sheria hiyo, tusingependa kuwa jalala la dunia. Lakini fuata hesabu yake hadi mwisho: 504 na Datsun tulizo nazo ndizo tulizo nazo. Kila moja inayooza kwenye maegesho huko Roysambu ni moja ambayo haitaletwa nyingine na meli.

Kuoza si lugha ya mafumbo. Bati la gari la miaka ya 70 halikukingwa dhidi ya kutu kama la leo. Jua letu linapasua dashibodi na kukausha raba za vioo. Mvua za Aprili zinapita kwenye hizo nyufa, maji yanakaa chini ya zulia, na sakafu inaliwa taratibu bila wewe kuona. Ukilifunika kwa turubai unaliwekea mvuke ndani, kutu inafurahi. Panya wanakula nyaya. Betri inakufa, petroli inachacha kwenye kabureta. Dawa ya yote haya ni ya zamani kama nyumba yenyewe: paa, sakafu kavu, hewa inayopita, taa.

Nafasi yenyewe si ya kutisha. 504 ya kawaida ina urefu wa kama mita 4.5 na upana wa mita 1.7. Ongeza pa kufungua milango na pa kuinama na spana, unafika mita 6 kwa 3. Mita 18 za mraba.

Hapa najua kuna msomaji ameshakasirika. Mita 18 ni bedsita ya mtu. Pipeline kuna familia nzima inayolala, kupika na kufulia ndani ya nafasi hiyo, na wewe unadai nyumba ya chuma? Hasira hiyo ni halali, na ndiyo hoja pekee dhidi yangu ninayoiheshimu. Lakini tuulize: gereji zilipoondolewa, ile nafasi ilipewa nani? Zile nyumba za kikoloni za Kileleshwa zilizobomolewa zilikuwa na gereji pamoja na chumba cha mtumishi. Magorofa yaliyopanda mahali pake mengi yalihifadhi chumba cha mtumishi, kikawa kidogo zaidi, na gereji ikafutwa. Hakuna mpangaji wa Pipeline aliyehamia hapo. Mita zile zilikwenda kwa nyumba moja zaidi ya kuuza na duka moja zaidi la kukodisha chini. Maskini anatajwa tu siku ya kutunyamazisha.

Tena haikuwa lazima iwe hivi. Buruburu, iliyoanza kujengwa miaka ya 70 kwa ajili ya watu wa mishahara ya kawaida, ilikuwa na nyumba zenye ua na mahali pa gari. Leo sehemu kubwa ya nafasi hizo ni maduka, saluni na vyumba vya kupangisha. Siwalaumu walioziba, mtu hula kazini pake. Ninachosema ni kwamba tuliwahi kuchora nyumba ya mfanyakazi tukikumbuka kwamba mfanyakazi ana vitu, na vitu vinahitaji kutunzwa.

Soma mkataba wako wa kupanga. Kuna uwezekano mkubwa umeandikwa kwamba huruhusiwi kutengeneza gari ndani ya kompaundi. Huu ni mji unaoishi kwa jua kali. Spea zinatoka Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Vyuma vinachomelewa Kariobangi. Halafu jioni mtu huyohuyo akifika nyumbani, kushika spana ni kosa. Tumejengewa mahali pa kulala na kutazama simu, basi. Mtoto anakua bila kuona mtu mzima akifungua kitu, akikielewa, na kukifunga tena.

Kwa hivyo sidai gereji kwa kila mpangaji. Nadai banda moja kwa kila jengo kubwa. Paa, mfereji wa maji machafu, taa, mlango wenye kufuli, bei inayojulikana. Leo lina Datsun ya mtu, kesho lina pikipiki ya boda ya mwingine, keshokutwa mtu anapiga randa kitanda cha mtoto. Wenye majengo ambao vyumba vyao vya chini vina nafasi zinazokaa tupu mwaka mzima wanaweza kuanza mwezi huu. Na vyama vya magari ya zamani, vyenye wanachama wenye uwezo, vikodishe godauni moja Industrial Area na kuwapangisha nafasi vijana waliorithi gari bila kurithi shamba. Kama kweli mnapenda haya magari, yapendeni kabla hayajawa yenu.

Kwetu sisi wapangaji, kazi ni ndogo lakini haikwepeki. Tunakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba, kwa hiyo tuna haki ya kuuliza zinachorwaje. Na ukienda kutazama keja kabla hujalipa dipoziti, usiulize Wi-Fi peke yake. Uliza: nikiwa na kitu kikuukuu ninachokipenda, kitalala wapi? Wakala atacheka. Mwache acheke. Wakiulizwa na watu kumi kwa wiki, watapeleka swali juu kwa mwenye ploti, naye ni mfanyabiashara: atapiga hesabu ya bei ya bati.