Maktaba ya Mwanachuoni Isigawanywe Kama Shamba

Mwanachuoni wa mambo ya kale anapofariki dunia, warithi wake hugawana nyumba, shamba na mifugo kwa utaratibu unaojulikana. Vitabu vyake havina utaratibu. Vingine huchukuliwa na jamaa kwa ukumbusho, vingine huazimwa na marafiki wasiovirudisha, na vilivyobaki hutiwa katika makasha na kusukumwa ghalani, ambako mchwa na unyevu humaliza kazi. Baada ya miaka michache, maktaba iliyojengwa kwa maisha mazima ya mtu, na pengine kwa maisha ya vizazi viwili, haipo tena. Hakuna aliyeiiba, imetawanyika tu.

Vitabu vya kila somo vinastahili kutunzwa, lakini vitabu vya akiolojia vina sababu yake ya pekee. Mkulima hulilima shamba lile lile kila mwaka. Mwanaakiolojia huchimba mahali mara moja tu. Tabaka la udongo likishafukuliwa halirudi lilivyokuwa. Kigae, ushanga na sarafu vikishatolewa mahali vilipolala, habari ya jinsi vilivyolala hubaki katika michoro na maandishi ya mchimbuzi peke yake. Kwa hiyo kitabu cha uchimbuzi ni sehemu ya mahali penyewe. Kikipotea, mahali pale pamechimbwa bure.

Mifano iko katika ardhi ya Tanzania. Nyayo za Laetoli, zilizoachwa katika majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita, zilifukuliwa na kikosi cha Mary Leakey mwaka 1978 na 1979. Baada ya kupimwa na kupigwa picha, zilifukiwa tena ili zisiharibike. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi wake habari zake kwa ukamilifu hawezi kwenda kuzitazama. Hana budi kukitafuta kitabu cha utafiti ule kilichotolewa mwaka 1987. Kadhalika Kilwa Kisiwani. Magofu yake yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kuondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Fundi anayekarabati ukuta wa kale lazima ajue ulivyosimama kabla haujaanguka. Michoro ya majengo ya pwani aliyoitoa Peter Garlake mwaka 1966, na majuzuu mawili ya Neville Chittick juu ya Kilwa yaliyotoka mwaka 1974, ndiyo mashahidi wake.

Sasa na iulizwe: vitabu hivyo viko wapi? Majuzuu ya Olduvai yalichapishwa Cambridge. Kitabu cha Laetoli kilichapishwa Oxford. Hata tasnifu ya mwanazuoni wa Kitanzania, Felix Chami, kuhusu pwani ya Tanzania katika miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo, ilitolewa Uppsala, nchini Sweden, mwaka 1994. Udongo ni wa hapa, kurasa ni za kule. Nakala zilizofika nchini zilinunuliwa moja moja, kwa fedha za kigeni, na wanazuoni waliojinyima. Ndiyo maana rafu ya vitabu nyumbani kwa mwanachuoni si samani. Ni sehemu ya hazina ya Taifa iliyohifadhiwa na mtu binafsi.

Tena elimu hii mara nyingi hukaa katika ukoo. Watu wa akina Leakey wanajulikana ulimwenguni kote: Louis na Mary, kisha mwana wao Richard na mkewe Meave, kisha mjukuu Louise. Katika ukoo wa namna hiyo, popote ulipo, maktaba huwa na zaidi ya vitabu. Humo mna ramani za mkono, picha za mashimo ya uchimbuzi, makala zilizokatwa katika majarida yasiyochapishwa tena, na maelezo yaliyoandikwa pambizoni kwa kalamu ya risasi, mzazi akiuliza na mtoto akijibu miaka thelathini baadaye. Mkusanyo kama huo ukigawanywa, kila kitabu kitaendelea kusomeka, lakini mazungumzo yale yatakuwa yamekatika.

Mahali panapofaa kuwekwa mkusanyo huo ni maktaba ya chuo kikuu, na jambo hilo lina mfano wake. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imehifadhi karatasi za Hans Cory, aliyeandika juu ya sheria za mila za Wahaya na Wasukuma, na za Henry Fosbrooke, aliyekuwa Mhifadhi wa Ngorongoro na aliyeandika juu ya michoro ya miambani ya Kondoa. Wote wawili walikuwa watumishi wa serikali ya kikoloni. Hata hivyo kazi yao leo husomwa na Watanzania, katika chuo chao, bila kuomba viza. Chuo hicho kilianza kufundisha akiolojia mwaka 1985. Mwaka 2018 kilizinduliwa jengo jipya la maktaba, lililojengwa kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, lenye uwezo wa kuweka vitabu 800,000. Nafasi ipo. Linalotakiwa ni kuijaza kwa busara.

Wako wanaosema kwamba vitabu adimu vingekuwa salama zaidi ng'ambo, kwenye vyumba vyenye hewa baridi na walinzi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa maana joto na wadudu havijali uzalendo. Lakini usalama wa kitabu asichoweza kukifikia mwenye haja nacho ni usalama wa kaburi. Fuvu la Zinjanthropus, lililopatikana Olduvai tarehe 17 Julai 1959, lilirudishwa nchini mwaka 1965 na kuwekwa katika makumbusho Dar es Salaam. Haitakuwa na maana fuvu likae hapa, na vitabu vinavyolieleza vifungwe safari kwenda nje.

Hata hivyo kupokea peke yake hakutoshi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Chuo kinachopokea maktaba ya ukoo kinapaswa kuandikiana mkataba na warithi, kuiorodhesha yote kabla ya kuipanga, kuiweka pamoja chini ya jina la ukoo uliyoitoa, na kutenga fedha za wakutubi na dawa ya wadudu katika makisio ya kila mwaka. Nakala za kompyuta zitengenezwe, nazo zisiwe kisingizio cha kuzitupa asili. Na mlango usifunguliwe kwa maprofesa tu: mwalimu wa historia kutoka Kilwa au Kondoa, akija na barua ya mkuu wake wa shule, apewe kiti na kitabu.

Warithi nao wana wajibu wao. Wasingoje matanga. Mwanachuoni angali hai, aketi na watoto wake, waamue pamoja vitabu vitakwenda wapi, na waandike. Shamba likigawanywa, kila mrithi hupata chakula. Maktaba ikigawanywa, hakuna anayeshiba.