USIMWITE BABU MWIZI, SOMA SHERIA KWANZA

Wewe kijana wa Itiryo unayechekwa kijiweni Dar kwamba Wakurya ni wezi wa ng'ombe tangu babu, sikiliza. Siku ukiingia Nyaraka za Taifa ukakuta jina la babu yako kwenye jalada la mkoloni, usiinamishe kichwa. Uliza kwanza: alihukumiwa kwa sheria gani?

Maana Sheria ya Adhabu ya Pamoja ya 1921 haikuhitaji babu aibe. Wakubwa wakiamua tu kwamba kijiji kimeficha wahalifu, kijiji kizima kinatozwa faini. Na asiye na kodi ya kichwa alisukumwa kwenye kazi za serikali.

Hakimu alikuwa nani? Chifu, yule yule aliyekusanya kodi! Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929 iliweka mahakama hizo chini ya Bwana Shauri. Wakili marufuku, na rufani iliishia kwa Gavana, siyo Mahakama Kuu.

Wapo mababu walioiba kweli, tusidanganyane. Ndiyo sababu usome shtaka lenyewe, usiishie kwenye adhabu.

Wala mambo hayo hayakushuka na bendera ya mkoloni 1961. Mwaka 1992 Tume ya Jaji Nyalali iliikuta sheria hiyo ya 1921 bado iko vitabuni, ikaitia katika orodha ya sheria 40 kandamizi. Na uzururaji, uliowasomba walalahoi wa mjini miaka mingi baada ya uhuru? Ni Kanuni ya Adhabu ya 1945. Aliyeitunga ni mkoloni yule yule.