Alama ya Wi-Fi imejaa, intaneti haipo: Mwenye duka analipia nini?

NYAYA mbili za intaneti zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika Mei 12, 2024, na mawasiliano yakayumba Kenya, Tanzania na nchi jirani. Ruta zilizopachikwa kwenye kuta za maduka na ofisi hazikuwa na hitilafu yoyote. Ziliendelea kutoa mawimbi kama kawaida na alama ya Wi-Fi kwenye simu ilijaa, lakini kurasa zilijikokota au hazikufunguka kabisa.

Tukio hilo lilidhihirisha jambo ambalo wauza vifaa hawana haraka ya kulieleza: Wi-Fi si intaneti. Ni hatua ya mwisho tu, ile ya mita chache kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu, kompyuta au mashine ya risiti. Intaneti yenyewe huletwa na kampuni kwa fiba, laini ya simu au setilaiti, na huko ndiko ada ya kila mwezi inakokwenda. Mwenye duka la pembejeo anayelipia kasi ya megabiti 10 kwa sekunde atabaki na 10 zake hata akinunua ruta iliyoandikwa 1200 kwenye kasha. Namba hiyo ni ya kinadharia, tena hupatikana kwa kujumlisha kasi ya masafa mawili ambayo simu moja haiyatumii kwa pamoja.

Nchini Kenya suala hili lina uzito zaidi tangu Januari 1, 2024, ambapo gharama za biashara zisizo na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS, isipokuwa zilizosamehewa, hazikubaliki katika kukokotoa kodi ya mapato. Mwenye hoteli anayenunua viazi au maziwa kwa jumla anaitaka ankara hiyo mkononi. Muuzaji ambaye mtandao wake umelala huenda akamwona mteja akivuka barabara kwenda kwa jirani.

Urahisi wa vifaa vya Wi-Fi una historia yake. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu baadhi ya masafa, yakiwemo ya gigahezi 2.4, yatumike kwa mawasiliano bila leseni. Masafa hayo hayakuwa na thamani kubwa wakati huo. Ndiyo yanayotumiwa na majiko ya maikrowevu. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kilitoka 1997 kikiwa na kasi ya megabiti 2 tu, kikafuatwa 1999 na kile cha megabiti 11 kilichoingia majumbani na maofisini. Kwa kuwa hakuna anayelipia masafa, bei ya vifaa ilishuka haraka.

Lakini masafa ya bure yana msongamano wake. Katika jengo la biashara lenye vyumba 20 vya maduka, kila mpangaji ana ruta yake, na kwenye gigahezi 2.4 kuna njia tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Zilizobaki ni kelele juu ya kelele. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi zaidi, ila hayafiki mbali na hushindwa upesi na ukuta.

Mahali pa kuweka ruta panaleta tofauti kubwa kuliko bei yake. Mabati huyarudisha mawimbi, zege lenye nondo huyadhoofisha, na maji huyameza, iwe ni tangi, rundo la magunia ya nafaka au umati wa wateja. Ruta iliyofungiwa chini ya kaunta nyuma ya sefu ya chuma ni pesa iliyotupwa. Iwekwe juu, katikati, mahali pa wazi. Mashine ya malipo isiyohama nayo haina sababu ya kutegemea hewa wakati waya wa mita tano unatosha.

Shambani hesabu hubadilika. Antena mbili zinazotazamana, moja kwenye nyumba na nyingine kwenye banda la kupakia mazao, zinaweza kuvusha mtandao kilomita kadhaa mradi hakuna kilima wala miti katikati. Mwaka 2007, huko Venezuela, wataalamu waliunganisha milima miwili iliyoachana kilomita 382 kwa vifaa vya aina hiyo. Mkulima hahitaji umbali huo, ila akumbuke kwamba mgrevilea alioupanda leo utaziba njia ya mawimbi baada ya miaka michache, na majani yakilowa mvua hali huwa mbaya zaidi.

Stima ikipotea, ruta huzimika hata kama fiba ni nzima. Ruta ndogo hutumia takribani wati 10, na nyingi hutumia volti 12. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 20 ina wati-saa 240. Ikitumiwa nusu tu ili isiharibike, huendesha ruta hiyo kwa saa 12, na paneli ndogo ya sola yenye kidhibiti chaji huirudishia nguvu. Muhimu ni kusoma kwanza kibandiko cha ruta, maana zipo za volti 9 na 5 ambazo zitaungua.

Usalama ndio hupuuzwa zaidi. Ulinzi wa zamani uitwao WEP ulivunjwa na watafiti tangu 2001, na ruta kuukuu zinazoutegemea bado zinaweza kupatikana kwa bei ya kutupa. WPA2, uliokuja 2004, au WPA3 wa 2018 ndio wa kutafuta. Hoteli inayobandika nenosiri ukutani iwatengee wateja mtandao wao, mbali na kompyuta ya hesabu. Ruta nyingi zina sehemu ya wageni ambayo fundi huiwasha kwa dakika chache.

Wapo pia wanaolipia fiba moja na kuwauzia majirani kwa saa au kwa siku. Biashara hiyo inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na mikataba mingi ya intaneti ya nyumbani huikataza. Kenya iliweka 2021 daraja la leseni kwa mitandao ya jamii, hivyo kikundi cha wakulima kinachotaka kugawana gharama ya laini moja kina mlango wa kubisha kabla ya kununua antena.